Amerika ya Maman Mujinga

Kila asubuhi, kabla hajavaa viatu, Maman Mujinga husimama mbele ya friji, mikono nyuma, kidevu juu, na kutamka kwa kichwa ukurasa mmoja wa somo kwa sauti kubwa. Karatasi yenyewe huwa ndani ya droo, chini ya vijiko. Haichungulii. Katika shule ya msingi aliyosoma Likasi, mwanafunzi aliyechungulia daftari alihesabiwa kuwa hajui, na sheria hiyo ameitunza kwa zaidi ya miaka arobaini. Akimaliza ukurasa hubaki amesimama, kama anayengoja mwalimu amwambie akae, kisha huvaa viatu na kushuka ghorofa nane kwenda kushika metro.

Jirani wa ghorofa ya chini, mzee wa Kibelgiji aitwaye Arnaud, alimsikia hivyo majira yote ya baridi. Siku moja ndani ya lifti alimwuliza, kwa adabu sana, kama huyo Wilson anayemwomba kila asubuhi ni mtakatifu wa kwao Kongo.

"Si mtakatifu, monsieur," Maman Mujinga alimjibu. "Ni rais wa Amerika wa zamani. Na mpaka leo hajanisaidia kitu."

Hakuwa anatania. Mwezi wa Januari alikuwa ameanguka mtihani wa historia, na historia ndilo somo pekee lililokuwa limebaki.

Ana miaka hamsini na mbili. Kwa miaka kumi na minne amekuwa akifanya usafi katika nyumba moja ya wazee hapo Anderlecht, vituo viwili kutoka anapoishi. Shule aliiacha Likasi katika mwaka wa nne wa sekondari, baba yake alipopoteza kazi. Hapa Ubelgiji, mtu mzima asiye na cheti cha sekondari anaweza kufanya mitihani ya jopo la serikali, somo baada ya somo, na Maman Mujinga alikuwa amekwisha kuvuka Kifaransa, hesabu na biolojia. Kwenye historia alipangiwa sehemu moja tu: Marekani kuanzia 1890 hadi 1917, yaani mageuzi ya ndani, kuchukua nchi za ng'ambo, na kuingia katika vita kuu. Akivuka hapo, shule ya uuguzi ingempokea mwezi wa Septemba. Mkurugenzi wa nyumba ya wazee alikuwa amekubali kumpunguzia saa za kazi ili asome, ila kwa mwaka huu tu, na kwa sharti kwamba cheti kifike kabla ya mwezi wa saba. Kisipofika, nafasi hiyo ingekwenda kwa mfanyakazi mwingine. Mtihani wa marudio uliwekwa tarehe kumi na mbili Juni.

Mume wake, Donatien, huimba besi pamoja na baba yangu katika kwaya ya parokia. Baba alimwambia kwamba binti yake Hadassa, yaani mimi, amemaliza chuo kikuu katika historia na bado hajapata kazi, na wakapatana bila kuniuliza. Ndiyo sababu Jumamosi moja ya Februari nilijikuta nimeshika mfuko wa vitabu, natoka Ixelles kwa basi, kisha metro namba tano, kwenda kufundisha mtu aliyeweza kunizaa.

Donatien ndiye aliyenifungulia. Huendesha mashine ya kuinulia mizigo ghalani, na hata nyumbani huongea kana kwamba mashine bado inanguruma.

"Ah, professeur amefika! Ingia, ingia. Maman iko ku cuisine, iko napigana na Amerika."

"Donatien, acha mutoto akae kwanza," sauti ilitoka jikoni.

Akaja akijifuta mikono, mwanamke mfupi, miwani ikining'inia kifuani kwa kamba. Aliniwekea chai na sahani ya mandazi, akangoja nimeze la kwanza.

"Bon. Weye ulisoma ile bintu, ukapita. Miye nilisoma, nikaanguka. Donc sikiliza, uniambie niliangukia wapi."

Akasimama, mikono nyuma, akaanza kwa Kifaransa. Makampuni makubwa ya reli na mafuta. Miji iliyofurika wahamiaji. Watoto viwandani. Waandishi wa magazeti waliofichua uchafu. Nilikuwa nafuatilia kwa kidole katika karatasi zake, na hakuruka neno, hata mkato hakuuruka, maana kila palipo na mkato alivuta pumzi. Alipofika kwenye sheria ya mwaka 1906 ya kukagua nyama, nilisahau kwamba mimi ni mgeni nikamwuliza: "Samahani, maman, hiyo sheria ilimlinda nani hasa?"

Alifumba macho, midomo ikicheza bila sauti. Kisha akafumbua, akainua kidevu, na kusema: "Mwaka 1890, makampuni makubwa ya reli na mafuta..."

Donatien alipiga goti lake kwa kiganja. "Umeona? Umeona, professeur? Njo vile alifanya kule!"

"Nyamaza weye," Maman Mujinga alisema, lakini akakaa. "Ni kweli. Ile madame wa mtihani alikuwa nauliza kitu katikati. Sasa mi nitajibu katikati namna gani? Somo iko na mwanzo. Nikarudia ku mwanzo. Akanikata tena, nikarudia. Mara tatu! Na kila mara ananikata tu pale pale, ku dix-neuf cent six, ku ile nyama ya Chicago. Dakika makumi mbili zikaisha. Amerika yangu haikufika ku vita."

"Bibi yangu alizuia Amerika kuingia ku vita," Donatien aliniambia. "Banapashwa kumupa zawadi ya amani."

"Cheka tu. Na permis yako ya kuendesha motokari, ulianguka mara ngapi?"

"Ile ni mambo ingine."

"Mara tano, Hadassa. Cinq! Na hakuna hata mutu alimukata."

Nilicheka nao, lakini nilikuwa nimeelewa. Baba yangu alisoma hivyohivyo Bukavu. Mwalimu anasoma, darasa linaandika, na kesho yake unasimama kumrudishia maneno yake kama alivyokupa. Ukimrudishia machache, wewe ni mvivu. Ukiongeza lako, huna adabu. Maman Mujinga hakuanguka kwa sababu hakujua. Alikuwa amemheshimu mtahini kwa namna ambayo mtahini hakuitambua.

Kwa hiyo kazi yetu ya kwanza ikawa kujifunza kukatizwa, na kazi hiyo nilimpa Donatien. Sijapata kumwona mtu aliyefurahia wajibu namna ile. Maman Mujinga akisimama na kuanza, mumewe humpigia kelele kutoka sebuleni: "Chumvi iko wapi?" "Rais alikuwa nani?" "Sokisi yangu ya bleu?" "Cuba balichukua mwaka gani?" Sharti lilikuwa moja tu: kujibu, kisha kuendelea pale alipoachia. Jumamosi ya kwanza alirudi mwanzo mara tisa, na mara ya tisa alimtupia mumewe kitambaa cha vyombo. Katikati ya Machi alivuka vita na Hispania ya mwaka 1898 bila kurudi nyuma. Kufikia Pasaka tulikuwa tumefungua mfereji wa Panama. Halafu, Jumamosi moja ya Mei, Donatien alimwuliza pasi iko wapi wakati Wajerumani wanaizamisha ile meli kubwa ya Waingereza.

"Iko mu kabati, chini, na ile meli ilizama mwezi wa tano 1915 na watu zaidi ya elfu moja, kati yao Wamarekani zaidi ya mia," alisema bila kuvuta pumzi, na hakujua amefanya nini mpaka alipotuona tumeduwaa.

Ilibaki shida ya pili, na hiyo ilikuwa kubwa zaidi. Katika maswali ya miaka iliyopita, kila swali lilimalizika kwa maneno yaleyale: toa maoni yako. Alama nusu zilikuwa hapo.

"Maman," nilimwambia, "tuseme wamekuuliza hivi. Marekani walisafisha mambo kwao, wakapunguza nguvu za matajiri, wakalinda chakula na watoto. Miaka hiyohiyo wakachukua Ufilipino. Wewe unaonaje?"

"Miye?" Aliangalia nyuma yake, kama kuna mtu mwingine jikoni. "Miye niko nani wa kuona? Bamerika banafanya mambo yao kule, miaka mia ilipita, miye wa Likasi niseme nini? Andika weye hayo maoni. Mi nitaishika par cœur, mu kichwa."

Nilikataa Jumamosi hiyo, na iliyofuata. Mara ya tatu zilikuwa zimebaki wiki mbili, naye alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka zamu ya asubuhi, macho mekundu. Niliandika. Nusu ukurasa, sentensi nzurinzuri, za aina niliyokuwa nikiandika chuoni. Jumatatu alinipigia simu akanitolea zote bila kosa. Nilimsifu, nikakata simu, na sikujisikia vizuri.

Siku hizo alikuwa akinisimulia pia habari za kazini, na mimi nilikuwa nikizikata. Kwa mfano ile ya Madame Michelle, mkazi wa chumba cha ishirini na mbili, mwenye miaka tisini na minne. Maman Mujinga alikuwa anapiga deki chumbani kwake huku akinong'ona somo, Madame Michelle akasikia neno Amerika.

"Akaniambia, 'Mujinga, hao Bamerika wako balianza kufika hapa mu unga.' Mi nikasema, mu unga namna gani, madame? Akanionyesha mto wake, ule wa ku kiti. Hadassa, ule mto ni mufuko! Mufuko wa unga wa Kansas! Mama yake alikuwa mutoto wakati ya vita, banakula mukate ya ule unga. Kisha banashona maua juu ya mufuko..."

"Ni nzuri sana, maman," nilimwambia, "lakini haimo kwenye programu. Turudi kwenye mwaka 1917."

Naye, kwa sababu mimi nilikuwa mwalimu, alirudi kwenye mwaka 1917.

Tarehe kumi na mbili Juni tulikwenda wote watatu. Mitihani ilifanyika katika jengo moja karibu na kituo cha treni cha Gare du Midi, na kwa kuwa tulifika saa nzima kabla ya wakati, tulizunguka kituo mara mbili tukipishana na watu wa masanduku. Maman Mujinga alivaa gauni lake la kanisani. Donatien alikuwa ameomba ruhusa ghalani na kupiga viatu rangi, lakini mlangoni mkewe alimzuia kwa mkono kifuani.

"Weye baki hapa. Ukiingia, utauliza chumvi."

Mimi aliniombea kibali kwa mtahini, kwamba nikae nyuma kwenye kiti na sitasema neno. Mtahini, mama mmoja mwenye nywele fupi za mvi, alisema hana shida. Alikuwa ndiye yule wa Januari. Alitandaza kadi mezani, Maman Mujinga akavuta moja, akavaa miwani, akaisoma, na mabega yake yakashuka kwa nafuu. Lilikuwa swali letu, karibu neno kwa neno: je, mageuzi ya nyumbani na upanuzi wa ng'ambo vilipingana?

Walisema Kifaransa, na hapa naandika kwa Kiswahili nilichokumbuka.

Alianza vizuri. Alitoa mageuzi, mtahini akamkatiza kuuliza juu ya kodi ya mapato, akajibu, akaendelea palepale. Alitoa Cuba, Puerto Rico, Hawaii, Ufilipino. Akakatizwa tena, akaendelea. Mimi nyuma nilikuwa nimeshika kamba ya mfuko wangu kwa mikono miwili. Kisha mtahini akasema: "Vizuri sana, madame. Sasa maoni yako."

Maman Mujinga alipeleka mikono nyuma. Akainua kidevu. "Ukinzani huu ni wa juujuu tu," alianza, "kwani katika moyo wa harakati ya mageuzi mlikuwamo imani thabiti..."

Zilikuwa sentensi zangu. Sikuwahi kuzisikia zikisemwa ndani ya chumba chenye mtu wa tatu, na masikio yaliniwaka. Mtahini aliziacha ziende mistari minne au mitano.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Ni ya nani?"

Ningekuwa mimi, ningesema ni yangu. Maman Mujinga hakusita hata kidogo.

"Ni ya Hadassa, madame. Yule pale nyuma."

Mtahini aliniangalia juu ya miwani. Niliangalia sakafu.

"Basi Hadassa nimemsikia," alisema. "Nilitaka kukusikia wewe. Zimebaki dakika kumi."

Nilihesabu magari yaliyopita chini ya dirisha. Manne, matano. Niliona Septemba inaondoka na nafasi ikienda kwa mtu mwingine, na kwamba ni mimi niliyeiandikia barua ya kuondoka, kwa nusu ukurasa wangu.

"Madame," Maman Mujinga alisema mwishowe, kwa sauti ya chini. Mikono ilikuwa imetoka nyuma, ikawa mezani. "Mimi nafanya usafi katika nyumba ya wazee."

"Naam."

"Kwetu jikoni kila bakuli linabandikwa tarehe. Mkaguzi akija anaangalia. Ni jambo zuri, hakuna mzee anayekula nyama iliyooza. Basi Wamarekani walipoweka ile sheria ya nyama, walifanya jambo zuri. Na watoto kutolewa viwandani, zuri. Hilo nalisema mimi, si kitabu. Lakini asubuhi nikipiga deki naona kitu kingine. Naona mzee ameoshwa vizuri, amevalishwa vizuri, amewekwa dirishani. Na hakuna aliyemwuliza kama leo anataka kukaa dirishani. Aliyemweka si mtu mbaya. Ana haraka, na anaamini anajua."

Mtahini aliweka kalamu chini. "Na Ufilipino?"

"Nakuja huko, madame, usinikate."

Kisha akajifunika mdomo kwa mkono. Nilidhani mambo yameishia hapo. Lakini mtahini alicheka, kicheko kifupi cha mtu aliyeshtukizwa, akasema, "Samahani. Endelea."

"Babu yangu alifanya kazi mgodini, Katanga, wakati wa ukoloni. Walimpa nyumba ya matofali. Walimpa posho ya unga. Kila wiki bibi yangu alipeleka mtoto kupimwa kwenye mizani, na mtoto akipungua uzito bibi anagombezwa. Watoto wake wengi walipona kwa sababu ya ile mizani, sitasema uongo. Lakini miaka hiyohiyo, hapa Ubelgiji, mfanyakazi alikuwa na kura na saa nane za kazi. Babu alikuwa na unga. Kura hakuwa nayo. Basi nikisoma kwamba Wamarekani walifika Ufilipino na shule, na barabara, na madaktari, mimi nawaelewa vizuri kabisa. Naona hayo mambo mawili hayakupingana. Ni watu walewale. Wanaona mahali pachafu, wanataka kusafisha, na wanajua wao. Tofauti ni kwamba kwao maskini alikuwa na kura, angalau wanaume wengine walikuwa nayo, wakaweza kusema: hapa basi. Mfilipino aliposema basi, walimpiga vita miaka mitatu."

"Na mwaka 1917? Waliposema wanakwenda kuilinda demokrasia duniani?"

"Hapo sina hakika," Maman Mujinga alisema.

Nilijua neno hilo limemgharimu kiasi gani. Mtoto wa shule ile ya Likasi hamwambii mwalimu kwamba hana hakika.

"Sina hakika, kwa sababu ya Madame Michelle," aliendelea. Na akaeleza ule mto wote, mfuko wa Kansas na maua yake, mambo niliyokuwa nimemkatiza. Jinsi vita ilipoanza na Wajerumani wakashika Ubelgiji, unga wa Marekani ulivyofika Brussels miaka kadhaa kabla ya askari wao kufika Ulaya. Jinsi mama yake Madame Michelle, akiwa msichana mdogo, alivyokula mkate ule, na jinsi wanawake walivyodarizi mifuko mitupu ili kusema asante. "Huyo msichana alikua kwa unga wa watu wa mbali ambao hawakumjua. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba kila anayekuja kutoka mbali kusaidia anakuja kutawala. Mwenye njaa anakula kwanza. Lakini ningetaka kuwauliza hao wa 1917: hiyo demokrasia ya duniani, na Mfilipino yumo? Maana alikuwa bado anangoja."

Saa ya ukutani ilionyesha kwamba dakika ishirini zimeisha. Mtahini aliandika kitu, akafunga faili, akasema matokeo yatakuja kwa barua pepe Ijumaa ya wiki inayofuata. Alimpa Maman Mujinga mkono. Mimi aliniinamishia kichwa tu, na hilo lilitosha.

Nje, Donatien alikuwa ameegemea ukuta, amekwisha kumaliza pakiti nzima ya biskuti.

"Alors?"

"Nilimuambia asinikate."

"Nani?"

"Madame."

"Madame wa mtihani? Weye ulimuambia madame wa mtihani asikukate?" Alishika kichwa. "Eh, Mungu wangu. Hadassa, sema ni uongo."

"Ni kweli, papa."

"Basi imekwisha. Tutangoja mpaka ku pension."

Njia nzima ndani ya metro Maman Mujinga alinigeukia mara moja tu. "Sentensi yako ilikuwa muzuri sana," alisema, kama anayeomba radhi. Nilimwambia kwamba mimi ndiye ninayepaswa kuomba radhi, kwa ajili ya sentensi na kwa ajili ya mto wa Madame Michelle. Alinipigapiga goti, akaendelea kuangalia vituo vikipita.

Wiki hiyo ilikuwa ndefu. Baba aliniambia kwamba kwenye mazoezi ya kwaya Donatien alikosa kuingia mara mbili, jambo ambalo halijawahi kutokea. Ijumaa, saa nne na kitu, simu yangu iliita. Nilisikia kwanza maji, kisha ndoo ikiwekwa chini.

"Hadassa? Quatorze."

"Kumi na nne?"

"Quatorze sur vingt, juu ya makumi mbili! Nilipita! Nilisoma, nikamupa Madame Michelle asome, na yeye anasema ni quatorze. Iko napiga makofi hapa ku kitanda yake, utasikia." Na kweli nilisikia, makofi mepesi, ya viganja vikavu.

Cheti kilifika tarehe ishirini na sita Juni. Mkurugenzi aliweka saini siku hiyohiyo. Donatien alikipiga picha akaituma kwa kila mtu anayemjua, pamoja na mimi niliyekuwa nimekaa mezani pake, na chini yake aliandika kwamba Amerika hatimaye imeingia vitani.

Jumapili moja mwishoni mwa Agosti, baada ya misa, Maman Mujinga aliniomba nimsindikize kwenye soko la Gare du Midi. Orodha ya shule ilidai viatu vyeupe, visivyoteleza, vya kuoshwa. Tulipita zeituni na vitambaa na kuku wa kuchoma mpaka kwa muuza viatu, naye alijaribu jozi nne, akitembea hatua sita kwenda na sita kurudi kati ya masanduku, mwenye meza akimwambia "maman, hivyo vya tatu, hivyo vya tatu." Alichukua vya pili.

Miezi yote hiyo nilikuwa nimemwuliza juu ya nyama ya Chicago, Panama, meli na marais, na sikuwahi kumwuliza kitu kinachomhusu mwenyewe. Niliona haya, au nilidhani najua. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha muuza viatu, anafungua kamba.

"Maman," nilisema, "kwa nini uuguzi?"

Hakuinua kichwa mpaka amalize fundo.

"Sababu kila siku muzee moja ananiita, anasema anaumwa, na miye niko tu na kifagio mukononi," alisema. "Naenda kuita infirmière, ule muuguzi, tunangoja. Nilisha kuchoka kungoja."